Mdogo wangu ameambiwa ana kasoro ya kuzaliwa kwenye misuli ya moyo: je, utambuzi huu unathibitishwaje?

Mwanakasulu (Kigoma) ameandika:

Habari zenu, wanajamvi. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa magonjwa ya moyo, pamoja na familia zilizowahi kupitia jambo la namna hii.

Mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 26, alijifungua mtoto wake wa pili masika yaliyopita akiwa kwa wakwe zake hapa Kasulu. Wiki chache baadaye alianza kuchoka kupita kiasi. Mwanzoni tulidhani ni uchovu wa uzazi na kukesha na mtoto, lakini ikafika mahali hawezi kulala bila kuegemezwa mito, usiku anashtuka akitafuta hewa, na jioni miguu imevimba kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole kishimo kinabaki. Alitibiwa nimonia kwanza, bila nafuu. Baadaye alipewa rufaa, akafanyiwa kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na ripoti ikasema kwamba uwezo wa moyo wake kusukuma damu ni asilimia 38, kwamba ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, imepanuka kidogo, na kwamba ukuta wake una vijinyama vingi na mianya mirefu. Mwishoni kumeandikwa LVNC. Tulielezwa kwa mdomo kwamba ni ugonjwa adimu wa misuli ya moyo ambao mtu huzaliwa nao.

Tangu aanze dawa amepata unafuu na sasa analala vizuri. Kinachotusumbua ni hilo neno la kuzaliwa nao. Binti huyu amechota maji mtoni, amelima, na amezaa mtoto wa kwanza bila tatizo lolote. Wakwe wanasema sasa kwamba tulijua binti yetu ni mgonjwa na tukamwoza kimya kimya, na maneno yamekuwa makali hadi wazee wa pande zote mbili wameitwa. Naomba kufahamu: inawezekanaje mtu akae na ugonjwa huo miaka 26 bila dalili? Je, kipimo kimoja cha eko kinatosha kuuthibitisha, au ni lazima aende akapigwe MRI (picha ya mashine ya sumaku)? Na watoto wake wawili, nao wapimwe?

DaktariMwanaujiji amejibu:

Pole sana kwa mgonjwa na kwa familia nzima. Mimi ni daktari wa magonjwa ya moyo, mzaliwa wa Ujiji, ingawa kwa sasa ninafanya kazi Dar es Salaam. Sijamwona mgonjwa wala picha zake, kwa hiyo haya ni ya kukusaidia kuuliza maswali ya maana mtakaporudi kliniki, wala si hukumu juu ya ripoti ya mwenzangu.

Herufi hizo nne zinasimama badala ya hali ambayo misuli ya ventrikali ya kushoto haikushikamana. Mimba ikiwa changa kabisa, kabla moyo haujapata mishipa yake ya kuulisha, ukuta wake wa ndani huwa na nyuzinyuzi na matundu mengi mfano wa dodoki, na damu hupenya humo moja kwa moja kuilisha misuli. Kwa maelezo yaliyozoeleka, kati ya wiki ya 5 na ya 8 nyuzi hizo huanza kushikamana na kuwa ukuta mmoja imara, kazi ikianzia kwenye kitako cha moyo kuelekea kwenye ncha yake. Kazi hiyo isipokamilika, mtu huzaliwa na ukuta wa tabaka mbili: la nje jembamba lililoshikana, na la ndani nene lenye nyuzi na mianya inayoingiza damu. Ndiyo maana sehemu inayoathirika zaidi huwa ni ncha na ubavu wa moyo, yaani zile zinazoshikamana mwisho.

Jibu la swali lako la kwanza, basi, ni kwamba inawezekana kabisa. Wapo wanaougua wakiwa vichanga, wapo wanaogunduliwa wakiwa na miaka 50 baada ya kupimwa kwa sababu nyingine, na wapo wasiopata dalili maisha yao yote. Hata kama ripoti hiyo ni sahihi kwa asilimia 100, hakuna mtu katika ukoo wenu aliyeweza kuficha jambo lisiloonekana kwa macho wala kusikika kwa uhakika kwenye kipimo cha kusikilizia kifua. Wazee wa pande zote mbili waelezwe hivyo waziwazi, na ikiwezekana waelezwe na daktari mwenyewe.

Hata hivyo, mimi nisingekimbilia kukubali kwamba amezaliwa nao. Hapa ndipo penye mgogoro mkubwa katika taaluma yetu, na mgogoro huo unawagusa Waafrika kuliko watu wengine, kwa hiyo nitaueleza kwa urefu.

Ugonjwa huu ulianza kutambuliwa kama ugonjwa unaojitegemea katika miaka ya 1980, na ulielezwa rasmi kwa wagonjwa wanane mwaka 1990. Mwaka 2001 madaktari wa Zurich walipendekeza kigezo cha eko ambacho wengi tunakitumia hadi leo: moyo ukiwa umejikaza, tabaka la nyuzi liwe na unene unaozidi mara 2 unene wa tabaka lililoshikana, na damu ionekane ikiingia kwenye mianya. Mwaka 2005 kikaja kigezo cha MRI, ambacho hupima moyo ukiwa umelegea na kutaka unene uzidi mara 2.3. Utaona mara moja kwamba vigezo hivi havipimi kitu kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtu yuleyule anaweza kuonekana mgonjwa kwa kigezo kimoja na mzima kwa kingine. Ripoti isiyosema ilipima lini, wapi na kwa kigezo kipi inamwacha msomaji gizani.

Tatizo la pili ni kwamba vigezo hivi vinanasa watu wengi mno. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, watu 140 kati ya 323 wasio na ugonjwa wa moyo walikuwa na angalau sehemu moja ya moyo iliyovuka kile kigezo cha 2.3. Huko Uingereza, mwaka 2008, wagonjwa 199 wa moyo kushindwa kufanya kazi walipitiwa upya na karibu robo yao wakatimiza angalau kigezo kimoja, na hata miongoni mwa watu wazima wa afya waliotumika kulinganishia walikuwemo waliotimiza, wengi wao wakiwa weusi. Nyuzi nyingi zimeonekana vilevile kwa wanariadha, hasa wenye asili ya Afrika, na kwa wagonjwa wa selimundu.

Kwa mdogo wako, linalonigusa zaidi ni la wajawazito. Watafiti wa Uingereza walifuatilia wanawake 102 wenye afya waliokuwa na mimba ya kwanza, na matokeo yakatoka mwaka 2014: robo yao waliongezeka nyuzi hizi wakati wa mimba, wachache wakafikia hata kiwango cha kuitwa wagonjwa, na wengi wa waliobadilika moyo ukarudi hali ya kawaida walipopimwa tena yapata miaka miwili baada ya kujifungua. Yaani mzigo wa damu nyingi ya mimba peke yake unaweza kuuchora moyo wenye afya ukafanana na moyo huo mnaoambiwa.

Mama aliyepata dalili ndani ya miezi michache baada ya kujifungua, moyo wake ukasukuma chini ya asilimia 45, na hakuna sababu nyingine iliyopatikana, jambo la kwanza la kufikiria ni ugonjwa wa misuli ya moyo unaotokana na uzazi. Huo hauhusiani na alivyozaliwa, si adimu Afrika, na sehemu nzuri ya wagonjwa wake hupona wakitibiwa. Magonjwa haya mawili yanaweza kutoa picha ya eko inayofanana, lakini yanatofautiana katika yatakayofuata, kwa mgonjwa mwenyewe na kwa watoto wake.

Mabadiliko haya ya fikra yameingia hata kwenye miongozo. Chama cha Moyo cha Marekani kiliuweka ugonjwa huu mwaka 2006 katika kundi la magonjwa ya misuli ya moyo ya kurithi. Jumuiya ya madaktari wa moyo ya Ulaya, katika mwongozo wake wa 2023, haiuhesabu tena kuwa ugonjwa unaojitegemea, bali inauchukulia kama umbo la moyo ambalo linaweza kuambatana na ugonjwa au lisiambatane nao. Mimi binafsi nipo upande huo. Natibu moyo usiosukuma, unaopiga ovyo au unaogandisha damu. Nyuzi peke yake sizitibu.

Kwa hiyo, mambo ya kuulizia ni haya. Kwanza ni historia ya ukoo, na iulizwe kwa utulivu: yupo aliyekufa ghafla akiwa kijana, aliyevimba mwili hadi akafa, au mtoto aliyedhoofika bila sababu? Jibu likiwa ndiyo, uzito unahamia upande wa kurithi. Pili ni kipimo cha umeme wa moyo, na ikiwezekana kile cha kuvaa saa 24, kwa kuwa mapigo yaliyovurugika yana maana kubwa kuliko unene wa nyuzi. Tatu ni shinikizo la damu, wingi wa damu, selimundu, tezi ya shingo na hali ya VVU, maana vyote hivyo vinaweza kuudhoofisha moyo au kuubadilisha umbo. Nne, na kwangu ndilo kuu, ni muda. Eko irudiwe baada ya miezi kadhaa ya dawa, na mpimaji awe na picha za kwanza mkononi. Moyo ukirudi kusukuma vizuri na nyuzi zikapungua, hoja ya kuzaliwa nao itakuwa imedhoofika sana.

MRI husaidia sana pale picha za eko zisipoonekana vizuri kwenye ncha ya moyo, na huonyesha pia makovu ndani ya misuli, jambo ambalo eko haliwezi. Lakini si lazima mkimbilie leo. Matibabu ya sasa yangekuwa yaleyale.

MamaWaIsevya (Tabora) amejibu:

Shikamoo daktari, na pole mwanangu Mwanakasulu. Mimi naandika kama mzazi, kwa sababu kwetu ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe.

Mtoto wetu wa kiume alianza kutushangaza akiwa bado ananyonya. Alikuwa akishika ziwa anavuta mara chache tu, anaachia akihema, na paji la uso linalowa jasho hata kukiwa na baridi ya asubuhi ya Juni. Uzito haukupanda. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyesema kwamba mtoto hatoki jasho kwa kunyonya, akanilazimisha nimrudishe hospitali wakati mimi nilikuwa nimeridhika na dawa ya minyoo. Alipopimwa eko moyo wake ulikuwa dhaifu sana, na safari ikatupeleka Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambako walipima upya kila kitu kana kwamba hatukuwa na karatasi yoyote. Nilikasirika wakati ule. Baadaye nikaelewa ni kwa nini.

Walichotufanyia sisi wazazi ndicho ninachotaka ndugu yetu akisikie. Tulipimwa wote, mimi, baba watoto na dada yake mgonjwa, eko pamoja na umeme wa moyo. Baba watoto alikutwa na hizo nyuzi nyingi, lakini moyo wake unasukuma kama kawaida, mapigo yamekaa sawa na hana dalili yoyote. Hakupewa hata kidonge kimoja. Anarudi kuangaliwa tu kila baada ya muda. Mtoto anatumia dawa za moyo na pia warfarini ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu tulielezwa kwamba damu ikituama kwenye ile mianya inaweza kufanya donge, donge likapanda kichwani na kuleta kiharusi. Kwa hiyo nyumba moja ina watu wawili wenye picha inayofanana, na mmoja tu ndiye mgonjwa.

Kama mgonjwa wenu ataandikiwa warfarini, jiandaeni kwa kipimo cha mara kwa mara cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, na mwulize mapema ni wapi karibu nanyi kinapatikana, maana dawa hiyo ikizidi mtu anavuja damu na ikipungua haina kazi. Mboga za majani haziachwi, kama wengi wanavyodhani. Kisamvu, mchicha na matembele vinaliwa kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Kinachovuruga dawa ni kula nyingi leo, kisha kuacha kabisa hadi mwezi ujao.

MuuguziWaReli (Tabora) amejibu:

Naongeza neno dogo la kazini. Watu wengi husafiri kutoka Kigoma na Tabora kwenda hospitali kubwa wakiwa na karatasi ya ripoti tu, halafu wanashangaa kuanza upya. Karatasi ni maneno ya aliyepima. Daktari wa pili anahitaji kuona moyo wenyewe ukicheza. Ombeni picha mjongeo za eko ziwekwe kwenye flashi au kwenye sidii kabla mashine haijafuta kumbukumbu zake, na hakikisheni jina na tarehe vinaonekana. Bila picha hizo, ule ulinganisho anaousema daktari hapo juu hautawezekana tena. Na kwa wenye bima, barua ya rufaa iandikwe sababu kamili, si neno moja la "moyo", kwa sababu huko mbele ndiyo itakayoulizwa.

Mwanakasulu ameandika tena:

Shikamooni, na asanteni sana nyote. Nimeisoma upya ripoti baada ya maelezo ya daktari. Imeandika tu kwamba uwiano ni mkubwa, haitaji namba wala haisemi moyo ulikuwa umejikaza au umelegea. Selimundu hakuwahi kupimwa. Upande wetu hatukumbuki kifo cha ghafla cha kijana, isipokuwa mama yetu mdogo aliyefariki baada ya kujifungua huku amevimba miguu, zamani kabla hatujawa na akili za kuuliza. Sijui kama hilo lina maana. Jambo lingine ni kwamba mgonjwa bado ananyonyesha, na shangazi zetu wanamshauri aache dawa ili zisiingie kwenye maziwa. Anatumia enalapril, kidonge cha kupunguza maji na kingine cha kutuliza mapigo.

DaktariMwanaujiji amejibu tena:

Habari ya mama yenu mdogo ina maana kubwa, na iandikwe kwenye faili lake. Inaweza kuwa ugonjwa uleule wa uzazi umejirudia katika ukoo, na tunafahamu sasa kwamba sehemu ya akina mama wanaougua hivyo wana hitilafu katika jeni za misuli ya moyo, hasa ile iitwayo TTN. Jeni hiyohiyo, pamoja na MYH7 na MYBPC3, ndizo zinazotajwa pia kwa wale ambao misuli yao kweli haikushikamana. Unaona jinsi mpaka kati ya cha kuzaliwa na cha uzazi usivyo mstari mnyoofu. Hilo halibadilishi nililosema kuhusu wakwe: kurithi jeni bila kujua hakuwezi kuitwa udanganyifu.

Kwa sababu hiyo, swali lako la watoto sasa lina jibu lililo wazi zaidi kuliko mwanzo. Wote wawili wapimwe eko na umeme wa moyo, bila haraka ya usiku na mchana madhali wanakua na kucheza vizuri. Isipokuwa yule mdogo akionekana kutoka jasho anaponyonya, kama alivyoeleza Mama wa Isevya, hapo msisubiri. Nyinyi ndugu wa tumbo moja nanyi mpimwe, kuanzia na dada aliye na mimba au anayepanga kubeba, kama yupo.

Dawa asiache. Enalapril hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana na hutumiwa na akina mama wanaonyonyesha, na kwa kile kidonge cha kupunguza maji, kinachoweza kutokea ni kupunguza wingi wa maziwa, jambo linaloonekana na kurekebishika. Hicho cha kutuliza mapigo mkitaje jina lake kliniki, kwa kuwa vipo vya aina kadhaa na havilingani kwa mtoto anayenyonya. Kuacha ghafla ndiko kunakorudisha maji kwenye mapafu. Hatari ya enalapril, na ya warfarini pia kama itaongezwa, ipo kwenye mimba mpya, kwa sababu zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, mbali na kwamba mimba yenyewe inaweza kuuangusha moyo ambao haujapona. Kwa hiyo kabla hamjazungumza na wakwe kuhusu lolote lingine, mgonjwa na mumewe wapelekwe pamoja kliniki ya uzazi wa mpango. Vijiti au kitanzi vinafaa. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni viepukwe, kwa kuwa vinaongeza uwezekano wa damu kuganda.

Akizimia, akihisi moyo unakimbia kwa muda mrefu bila sababu, mdomo ukienda upande, au mkono mmoja ukilegea ghafla, asisubiri tarehe ya kliniki. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na lile faili na flashi viwe kwenye mfuko mmoja na kadi yake ya bima.